Reli ya Matete

Wasikilizaji wangu watukufu, jioni hii nimewaletea maneno ambayo huenda yakaonekana madogo mbele ya habari kubwa kubwa zilizokwisha kusomwa; walakini nawasihi mnipe masikio yenu kwa muda wa robo saa, kwa kuwa jambo nitakalolieleza nimeliona kwa macho yangu mwenyewe, uani kwangu Kibimba, na tangu nilione halijanitoka moyoni. Nataka kuzungumza juu ya watu wanaojenga reli ndogo, yaani njia za garimoshi zilizopunguzwa hata zikatoshea juu ya meza, au, kama ilivyo kwetu, baina ya migomba na banda la mbuzi. Na hususan nataka kuyaeleza manung'uniko yao ya kila siku, kwa sababu nimekuja kuamini kwamba ukitaka kujua mtu anakipenda kitu kwa kiasi gani, usimwulize anakisifia nini, bali sikiliza anakilalamikia nini.

Mnafahamu nyote kwamba katika wilaya hii yetu ya Ngara, na kwa jirani zetu wa Biharamulo, hakuna reli. Mwenye shauku ya kuliona garimoshi hana budi kupanda basi, apite Nyakanazi na Masumbwe na Kahama, hata afike Isaka, mahali inapopita njia itokayo Tabora kwenda Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928. Si kwamba hatukukumbukwa. Wajerumani, walipokwisha kuifikisha reli yao Kigoma mwaka 1914, walikuwa wamekwisha kuazimia nyingine ya kutoka Tabora hadi kwenye kona ya mto Kagera, upande huu wetu wa Rusumo, na kazi ikaanza mwaka huo huo. Kisha vita vikuu vikazuka, na azma ile ikafa. Na katika siku zetu hizi imezungumzwa mara nyingi reli ya kutoka Isaka kuja Rusumo na kuvuka hadi Kigali, pamoja na tawi la kupitia Keza kwenda Musongati nchini Burundi. Siyasemi haya kwa kumlaumu mtu. Nayasema ili ifahamike kwamba watoto wa hapa hukua wakiyaona malori yaendayo Rwanda na Burundi, na kwa hiyo vigari wanavyoviunda kwa waya na makopo, vyenye magurudumu ya malapa na usukani wa fimbo ndefu ifikayo begani, aghalabu huwa ni malori yenye trela, wala si garimoshi.

Mimi nilipata kuitumikia reli miaka mingi, nikiwa karani katika stesheni ndogo ndogo za njia ya Mwanza, na nilipostaafu nikarejea nyumbani kwa wazee wangu. Siku moja nilipokuwa na safari ya Tabora nilimchukua mjukuu wangu, mtoto wa miaka kumi na mmoja, na pale Isaka tulikaa saa nyingi tukingoja treni. Sikujua wakati ule kwamba yeye hakuwa akingoja: alikuwa akisoma. Aliinama akayahesabu mataruma, akapima kwa nyayo upana wa njia, akachungulia uvunguni mwa behewa hata askari akamwonya. Tuliporudi Kibimba hakusema neno kwa siku mbili. Siku ya tatu akateremka bondeni na wenzake wawili, wakarudi na mzigo wa matete.

Basi sikilizeni walivyojenga. Tete moja hupasuliwa katikati kwa kisu, likatoa vipande viwili vilivyo sawa, na hizo ndizo reli mbili. Mabua makavu ya mtama hukatwa vipande vifupi, yakawa mataruma. Kila palipo na taruma, reli hufungwa kwa kamba nyembamba za migomba, na chini humwagwa changarawe iliyochekechwa, kwa kuwa mjukuu wangu aliona Isaka kwamba reli hailali juu ya udongo mtupu, hulala juu ya kokoto, ili maji yapenye na uzito utawanyike. Kichwa cha treni ni kopo la mafuta, mabehewa ni makopo ya samaki, na magurudumu ni visoda vilivyotobolewa kwa msumari na kuunganishwa viwili viwili kwa waya wa spoku.

Nung'uniko la kwanza lilizaliwa siku ile ile: treni ilikuwa ikianguka. Ilikwenda hatua mbili, ikaanguka; ikainuliwa, ikaanguka tena. Walidhani kopo ni zito, wakalibadili. Wakadhani njia imepinda, wakainyoosha. Nami nilikaa barazani kwangu nikatazama bila kusema, maana elimu inayotafutwa hukaa kuliko inayogawiwa. Siku ya nne, mmoja wao, si mjukuu wangu bali mwenzake, mtoto mkimya wa jirani, akavigeuza visoda. Hapo awali walikuwa wameviweka mdomo ukitazama nje. Yeye akaviweka mdomo ukitazama ndani, na treni ikaenda kutoka kwenye migomba hadi bandani bila kuanguka hata mara moja.

Nawaomba msilipite jambo hili kwa haraka, kwa kuwa ndilo siri ya garimoshi zote za ulimwengu. Kisoda ni chembamba upande wa mgongo na kipana upande wa mdomo, ambapo ukingo wake umejikunja. Na gurudumu la garimoshi la kweli nalo ni hivyo hivyo: lina mteremko mdogo, pana kwa ndani na jembamba kwa nje, na mwisho wa ndani lina ukingo. Watu wengi hudhani kwamba ni ukingo ule unaolizuia garimoshi lisitoke njiani, kumbe ukingo ni mlinzi wa mwisho tu. Kazi ya kila siku hufanywa na ule mteremko, kwa maana magurudumu yakielemea upande mmoja, gurudumu la upande huo hukanyagia mahali papana na la pili mahali pembamba, na kwa kuwa yameshikwa na mhimili mmoja, hujirudisha yenyewe katikati. Mtoto yule hakuyasoma haya popote. Aliyapata kwa kuchoshwa na kuanguka kwa treni.

Baada ya hapo lilikuja nung'uniko la pili, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Kila mtoto alikuwa amejenga kipande chake cha njia nyumbani kwao, na walipovileta vipande vile vikutanishwe, hapana kilichoafikiana na kingine: hiki kipana, kile chembamba, na treni iliyotembea kwa mmoja ilizama kwa mwenzake. Kelele zikapanda. Kila mmoja alidai kipimo chake ndicho cha haki, na mwingine akasema wazi kwamba hatavunja kazi yake kwa ajili ya mtu. Hapo ndipo niliposhuka barazani. Nikakata kijiti cha mtama chenye urefu wa vidole vinne vya mkono wangu vilivyobanwa pamoja, nikawaambia: hiki ni chenu nyote, wala si cha mmoja wenu, reli isiyokipokea kijiti hiki baina ya pande zake mbili, na ivunjwe, iwe ya nani, iwe nzuri namna gani. Walivunja, wakajenga upya, mmoja akilia.

Na hapa, wasikilizaji, niruhusuni nitoke Kibimba kidogo. Reli yetu ya kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na ambayo huenda kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067, ili ipatane na reli za kusini mwa Afrika. Tofauti yao ni milimita 67, kiasi cha vidole vinne vilivyobanwa pamoja, yaani upana wa reli nzima ya watoto wangu; na kwa ajili ya vidole vinne hivyo behewa la njia moja haliwezi kuingia katika njia ya pili, na pale Kidatu, mkoani Morogoro, njia hizo zinapokutana, mzigo hauna budi kuteremshwa kutoka behewa hili na kupakiwa katika lile. Sasa tena tunayo reli ya kisasa, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024, nayo ina upana wake wa tatu, milimita 1,435. Kila kipimo kilikuwa na hoja yake siku kilipochaguliwa. Lakini nilipowaona watoto wale wakigombana juu ya vipande vyao, nilitambua kwamba ugomvi wao haukuwa wa kitoto: ndio ugomvi wa mataifa, isipokuwa wao waliweza kuumaliza kabla ya magharibi.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Kibimba peke yake. Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, ambao reli ndogo ndiyo burudani ya maisha yao. Huko Göppingen, Ujerumani, kiwanda cha Märklin, kilichoasisiwa mwaka 1859, kilionyesha katika maonyesho ya Leipzig ya mwaka 1891 reli ndogo zilizotengenezwa kwa vipimo maalumu vya upana, na tangu hapo mtu aliweza kununua kipande leo na kipande mwakani akijua kwamba vitaungana. Kwa maneno mengine, walikata kijiti. Kipimo kinachotumiwa na wengi siku hizi ni cha kupunguza kila kitu mara 87, hata ile njia ya milimita 1,435 ikawa milimita 16 na nusu, na mtu mwenye urefu wa sentimita 174 akawa wa sentimita 2, akisimama kwenye stesheni yake na mkoba wake mkononi.

Na manung'uniko ya watu hao, ukiyasikiliza, yanafanana na yetu kama ndugu wa tumbo moja. Wao hulalamikia vumbi, kwa maana treni zao huendeshwa kwa umeme unaopita katika reli na kuingia kwenye magurudumu, na uchafu usioonekana kwa jicho hutosha kuukata. Basi jioni nzima hupita mtu akisugua reli kwa kitambaa, na anapomaliza, saa ya kulala imefika na treni haijatembea. Hulalamikia mbao zinazovimba kwa unyevu na kuzipinda njia, na vishikio vya mabehewa ya kiwanda hiki visivyokubali kushikana na vya kiwanda kile. Hulalamikia meza, ambayo watu wa nyumbani wanaitaka kwa chakula. Tena wako miongoni mwao, Uingereza, waliopendelea garimoshi za kwetu: yale makubwa yaitwayo Garratt, ya daraja la 59, yaliyotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, jumla yake 34, kila moja likipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mawili yamehifadhiwa katika makumbusho ya reli Nairobi, na majina yao ni ya milima ya Tanganyika, Gelai na Shengena. Garimoshi lile, ambalo urefu wake ulipita mita 30, likipunguzwa mara 87 halifiki dhiraa moja. Na mwenye kulitaka, kwa kuwa si la kuuzwa katika kila duka, mara nyingi hulazimika kulichonga na kuliunga mwenyewe, usiku baada ya usiku, akinung'unika kwamba hakuna amsaidiaye, na asingekubali mtu amwondolee kazi hiyo.

Narudi uani kwangu. Kwa mazoea ya ukarani nilifungua daftari nikawa naandika malalamiko ya watoto, na nitawasomea machache. "Babu, reli imekonda": hayo ni matete mabichi yaliyokauka kwa jua la adhuhuri yakasinyaa, na kamba zikalegea. Nikawaeleza kwamba chuma nacho kina tabia zake, hurefuka kwa joto na kufupika kwa baridi, ndiyo maana katika reli yetu ya zamani palikuwa na nafasi ndogo kati ya reli na reli, na ndizo zilizokuwa zikitoa ule mlio wa tuku-tuku uliomlaza abiria; tangu siku hiyo huyaanika matete siku tatu kabla ya kuyafunga. "Babu, kuku amelala stesheni." "Babu, mama amewashia moto mataruma": na hili lilikuwa kosa lao, kwani bua la mtama lililoachwa jikoni ni kuni. "Babu, visoda vimeadimika": na hili ni kweli, kwa kuwa soda siku hizi huja katika chupa za plastiki, na makopo nayo hukusanywa na kuuziwa wanunuzi wa chuma chakavu, hata mtoto anayehitaji magurudumu manane ana kazi ya juma zima.

Lililonigusa kuliko yote lilikuwa hili: "Babu, hakuna anayekubali kuwa mkuu wa stesheni." Wote walitaka kuwa madereva. Kisha siku moja treni mbili zikakutana uso kwa uso katikati ya njia, na wenyewe nusura wapigane, kila mmoja akidai mwenzake arudi nyuma. Nikakitwaa kile kijiti cha kupimia, nikawasimulia desturi ya reli yenye njia moja itumiwayo na treni za pande mbili: ya kwamba zamani dereva alipewa mkononi kitu cha ruhusa, cha kushikika, na asiyekuwa nacho hakuingia njiani hata kama aliiona nyeupe mbele yake, na mwenye kukitoa na kukipokea alikuwa ni mtu wa stesheni. Nikawaambia: nilipokuwa kijana nami nilitaka kuwa dereva, nikawekwa stesheni, nikanung'unika kwa siri miaka miwili, na mwaka wa tatu, usiku mmoja wa mvua, nikiwa nimeishika ruhusa mkononi na kuisikia treni ya abiria ikikaribia gizani, nikafahamu kwamba watu wote waliolala mle ndani walikuwa wamelala kwa sababu mimi niko macho. Watoto walinyamaza. Tangu jioni ile yule mtoto mkimya, aliyevigeuza visoda, ndiye mkuu wa stesheni, na kijiti hukaa kwake.

Desturi yao ya kila siku imekuwa kama ya genge la reli la zamani. Wakitoka shule, wakisha kuteka maji na kuwafunga mbuzi, hupita mmoja mbele na kijiti, akikilaza juu ya kila taruma la tatu. Wa pili hufuata akikaza kamba. Wa tatu hufagia changarawe iliyoruka. Kisha treni huenda mara nne au tano, na jua limekwisha kuzama. Jirani mmoja aliniuliza, kwa nia njema, kama hawa watoto hawapotezi muda, kwa maana wanatengeneza saa moja ili wacheze dakika kumi. Nilimjibu kwamba reli yoyote ndivyo ilivyo, na kwamba abiria huziona zile dakika kumi tu.

Halafu zikaja mvua. Usiku mmoja maji yalishuka kilimani, yakapita kati ya migomba, na asubuhi hapakuwa na njia. Matete yalikuwa yametapakaa hadi barabarani, na mabehewa mawili tuliyaona mtaroni. Nilikumbuka mafuriko ya Kilosa na Gulwe, ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoibomoa reli ya kati hata safari zikasimama, nikajiuliza niwafariji kwa maneno gani. Lakini nilipotoka nje niliwakuta wamechuchumaa, hawalii, wamemzunguka mkuu wa stesheni wao. Naye alikuwa ameinua mkono, kijiti ki ndani ya ngumi yake, kikavu, kwa kuwa usiku alikuwa amelala nacho. Mmoja wao aliuliza tu kama matete ya bondeni yamekomaa.

Basi, wasikilizaji wangu, neno nililokuja kuwaambia ni hili. Njia iliyosombwa na maji hujengwa tena madhali kipimo kimesalimika na yuko anayekilinda. Na walinzi wa vipimo hawaanzi kazi hiyo ukubwani, huianza utotoni, katika vitu ambavyo sisi wazazi tunaviona kuwa takataka. Wewe mama, kabla ya kuwasha mabua, uliza kwanza kama si mataruma. Wewe baba, mwazime mwanao nyundo, na umfundishe kuirudisha. Nanyi walimu, mkitaka kufundisha hesabu ya kugawanya, waacheni watoto waipunguze shule yao mara 87 kwa udongo na matete, mtaona jinsi watakavyogombania nusu ya kidole. Na mtoto akija kwenu na nung'uniko dogo, ya kwamba gurudumu halikai, au njia imekonda, msimfukuze. Ketini naye, mtazame pamoja visoda vyake vimeelekea wapi.

Leo, nilipokuwa nikijiandaa kuja kuzungumza nanyi, walikuwa wamefika taruma la arobaini. Usiku mwema.